Nyimbo Alizozihamisha Bila Kuzisikia

Mimi nauza mandazi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Kamgunda wakisimulia habari za Fostino hunitoa kabisa, wakati mimi ndiye niliyekuwa pale, na mimi ndiye niliyekishika kile kipanya cha kompyuta. Mtu akikwambia alikuwepo, muulize alikuwa ameketi wapi. Mimi nilikuwa juu ya kreti la soda, kushoto kwa Fostino, beseni langu mbele ya miguu yangu.

Tunagawana baraza moja, yeye na meza yake ya kuchomea nyimbo, mimi na mandazi yangu, na huu ni mwaka wa sita. Kuchoma nyimbo ndivyo tunavyosema hapa Dedza, ingawa hakuna kinachoungua. Unaleta simu, unataja unachotaka, Fostino anaiunganisha na kompyuta yake, nyimbo zinatoka kule zinaingia huku, unalipa kwacha ishirini kwa kila wimbo, unaondoka ukitikisa kichwa. Wengine huja kwa kinyume chake: simu imejaa, haimezi tena, basi picha za harusi na za marehemu na mahubiri ya padri hutolewa kwenye simu na kulazwa kwenye kompyuta mpaka mwenyewe atakapozihitaji. Nusu ya maisha ya Kamgunda imelala mle ndani. Fostino anajua nani alikuja kuomba picha ya nani, na nani alikuja kuifuta. Hajawahi kunidokeza hata moja, na mimi nimejaribu sana.

Hakuzaliwa na kompyuta mkononi. Nilimjua akiwa kijana wa baiskeli, anabeba abiria kutoka barabara kuu hadi misheni, suruali imetoboka kwa kukalia tandiko. Alipofeli kidato cha nne kwa mara ya pili, mjomba wake alimwambia ashike jembe, naye akashika njia ya Lilongwe. Miaka miwili alifagia kibanda cha mchoma nyimbo mmoja karibu na stendi ya mabasi, malipo yake nsima na usipa, yaani ugali na dagaa, macho yake kwenye vidole vya yule bwana. Alirudi juu ya lori la mahindi akiwa amepakata kompyuta ya mitumba aliyoizungushia blanketi, na wanawake waliokuwa barabarani wakampa pole wakidhani amebeba mgonjwa. Alipokea pole zote. Hakutaka kuifungua kwenye vumbi.

Kujisifu alijaliwa. "Kwangu hakipotei kitu, NaMwale," huniambia kila asubuhi akiifunua ile mashine. NaMwale ni mimi. Hapa kwetu kijana aliyelelewa vizuri hamwiti mwanamke mzima jina lake la ubatizo, humwita kwa ukoo wake. Na akishamaliza kumwekea mtu nyimbo, lazima azijaribu zote, kipande kipande, kwenye spika zake mbili kubwa, ili mwenye simu na soko zima washuhudie kwamba zimeingia. "Fundi asiyejaribu kazi yake ni mwizi," ndiyo kauli yake. Nimegombana naye juu ya hizo spika mpaka nimechoka. Lakini nikubali ukweli: kwa miaka yote ile, hakuna aliyerudi kulalamika.

Ng'ambo ya njia yupo Gilamu mchinjaji. Amemwoa mdogo wangu, kwa hiyo ni shemeji yangu na ana haki ya kunikera. Haki hiyo huitumia yote.

Basi Alhamisi moja ya Julai, baridi imetukunja ndani ya makoti, baiskeli ya abiria ilisimama mbele ya baraza na juu yake alikuwa Bibi Sinoliya. Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi. Wanawake wote waliokuwa karibu walipiga magoti. Bibi Sinoliya ndiye kungwi mkuu wa upande huu, na hakuna mwanamke wa Kamgunda aliyechezwa unyago bila kupita mikononi mwake. Mimi nilipita nikiwa na miaka kumi na minne. Mpaka leo namwogopa.

Nyuma yake, kwa miguu, alikuja Lizineti, binti wa dada yake, aliyeolewa kule chini ziwani. Alikuwa amepanda mlima jana yake kwa jambo moja tu, na alitakiwa kushuka Alhamisi hiyo hiyo saa sita na lori la viazi lililokuwa likipakia kando ya kinu cha kusaga.

Bibi alivuta pumzi kwanza. Kifua chake kiliharibika mwaka juzi. Hospitali walimkataza kuimba, wakamwambia hivyo tu, kama mtu anavyoambiwa apunguze chumvi.

"Hujambo, mume wangu," alimwambia Fostino. Bibi zetu huwaita vijana hivyo.

"Sijambo, mke wangu. Umeniletea chakula?"

"Nimekuletea mzigo wa kubeba. Ila huruhusiwi kuufungua."

Alifungua fundo la kitenge chake akatoa simu ndogo ya vitufe, kioo kimeingia giza nusu nzima. "Humu mna nyimbo zetu," alisema. Fostino akaacha kutabasamu.

Lazima nieleze, lakini nitaeleza panapoelezeka. Zamani kungwi mpya alikaa na kungwi mzee misimu mitatu akimeza nyimbo moja moja. Lizineti aliolewa mbali, na kifua cha Bibi hakikusubiri. Kwa hiyo msimu mzima wa mvua Bibi alijifungia nyumbani kwake na ile simu aliyonunuliwa na mjukuu, akaimba wimbo mmoja kila alipopata pumzi ya wimbo mmoja, mpaka zikaisha. Sisi wengine tunajua vipande. Zote, kwa mpangilio wake, zilikuwa mle ndani tu. Na simu yenyewe ilikuwa inakata roho: ilishika chaji pale tu ulipoukandamiza waya kwa kidole gumba, na fundi alisema haitamaliza wiki. Kule ziwani wari walikuwa wameshaingizwa ndani, na kesho yake, Ijumaa, Lizineti angewafungulia unyago kwa mara ya kwanza akiwa peke yake. Nyimbo zilitakiwa ziwe kwenye simu yake, iliyokuwa mpya na nzima.

Na nyimbo hizo mwanaume hazisikii. Usiniulize akizisikia inakuwaje. Hakuna aliyewahi kuzisikia.

"Mchoma nyimbo mwanamke hamna?" Bibi aliuliza.

Hamna. Mke wa Fostino, Lusungu, anaijua ile kompyuta kama ninavyolijua jiko langu, lakini ni mtu wa kaskazini, na kwao mambo haya hayapo. Masikio yake mbele ya nyimbo hizo yalikuwa sawa na ya Gilamu.

Fostino alijinyoosha. Nilijua anakuja kujisifu, na kweli. "Bibi, kuhamisha si kusikia. Mpagazi wa stendi anabeba sanduku la bibi harusi hajui mna nini ndani. Nitang'oa waya wa spika, nimpe NaMwale aufiche."

"Masikio yako nimekubali," Bibi alisema.

"Na macho pia. Hata majina yake kwenye kioo sitayaona. Nitageuza mgongo, NaMwale atashika kipanya, mimi nitasema tu cha kufanya. Ile mashine naijua nikiwa nimefumba macho."

Naomba hili likumbukwe. Bibi hakumwomba macho. Aliyatoa mwenyewe, kwa maringo.

"Na zisibaki," Bibi aliongeza. "Kwenye simu hii zisibaki, mjukuu ataitaka. Kwenye sanduku lako zisibaki pia."

"Basi hatutanakili, tutakata. Zikitoka hapa zimetoka."

Waya wa spika niliuweka chini ya kitambaa cha mandazi. Fostino akavuta stuli, akaipa kompyuta mgongo, akawa ametazamana na nyama ya Gilamu. Lizineti aliikandamiza ile simu kwa kidole gumba, asithubutu hata kupiga chafya. Na mimi, mwanamke wa darasa la tano, nikakishika kipanya kwa mara ya kwanza maishani mwangu, vidole vyangu vina mafuta.

"Mshale uko wapi?" Fostino aliuliza.

"Umekimbilia pembeni."

"Urudishe. Taratibu. Usimkimbize kuku."

"Umerudi. Umepotea tena."

Gilamu aliacha kukata. "Fostino, leo umewekwa kona? Umemkosea nini mwalimu?"

"Kaa na mifupa yako."

"Shemeji," akanigeukia mimi, "hebu ongeza sauti kidogo. Ubeti mmoja tu, nitakupa figo."

"Figo zako ziko hapo tangu juzi, shemeji. Hata nzi wamezikinai."

Watu walicheka, hata Bibi alicheka akakohoa. Na mimi kicheko kile kilinilegeza mkono. Fostino aliniambia nitafute kifolda cha njano, nikakiona, nikifungue, nikakifungua, nizishike zote, nizikate, nizibwage kwenye kifolda kingine kitupu alichokitengeneza mapema. Mstari wa kijani ukatembea ukajaa. Nikahisi nimezaa.

"Kuna kifolda kingine cha njano?" aliuliza. "Simu hizi betri ikitolewa huanza kifolda kipya."

"Kipo. Kina kimoja tu ndani."

"Kikate nacho, kibwage palepale."

Nikabwaga. Kisanduku kikaruka katikati ya kioo.

"Kinauliza kitu," nikasema.

"Kinasemaje?"

"Kinasema Kizungu."

"Kina vitufe vingapi?"

"Vitatu."

"Bonyeza cha kwanza. Hicho huuliza kila siku, kama mama mkwe."

Nikabonyeza cha kwanza. Kisanduku kikaenda zake. Kisha tukachomeka simu ya Lizineti, tukakata tena, tukabwaga tena, mstari ukatembea, na nilipomwambia hakuna kilichobaki Fostino aligeuka, akatazama kifolda kitupu, akapiga kofi moja la kuridhika.

"Tupu. Umeona, mke wangu? Zimepita kwangu kama maji kwenye bomba, na bomba halikunywa."

Lizineti alichukua simu yake na hedifoni, akaenda nyuma ya ukuta kuzihesabu. Idadi yake siitaji hapa, na hata siku ile hatukumtajia Fostino, maana idadi nayo ni yetu. Tulikaa tukingoja. Niliwauzia watu mandazi kwa mkono uliojaa kiburi, nikawaambia kwamba kompyuta ni kitu chepesi.

Aliporudi alipiga magoti akamnong'oneza Bibi sikioni.  Bibi akaniita, nikasogeza sikio langu.

Ulipungua mmoja. Na uliopungua ulikuwa wa kwanza, wimbo wa kufungua mlango.

Wimbo ule kungwi huuimba peke yake, wari wamefunikwa. Kila mwanamke ameusikia mara moja, chini ya kitenge, meno yakigongana kwa hofu, na hakuna anayetoka nao. Makungwi wadogo huwa nje wakati huo. Lizineti mwenyewe alikuwa hajawahi kuushika. Bila wimbo huo zile nyingine zote ni ngoma tu. Wari hawajaingia popote na hawatatoka popote.

Ilibidi nimwambie Fostino. Nilimwambia hivi: "Kimoja hakipo. Cha kwanza."

Uso wake ulibadilika polepole. "NaMwale, kile kisanduku. Kulikuwa na namba mbele?"

"Kulikuwa na namba moja na Kizungu."

Akaketi. Simu ile ilipoanza kifolda kipya ilianza pia kuhesabu upya, na ule wimbo wa mwisho aliouimba Bibi ukapewa jina lilelile la ule wa kwanza. Mashine ilikuwa imeuliza: kuna mwingine wa jina hili, nimfute nimweke huyu? Nasi tukasema ndiyo. Na kwa kuwa tulikata hatukunakili, kwenye simu ya Bibi kulikuwa kweupe.

Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga. "Wewe ndiye uliyesema bonyeza," nikamwambia, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Ni mimi," alisema. Alimgeukia Bibi, akashuka kwenye stuli akachuchumaa chini. "Bibi, kosa si la NaMwale. Ningegeuza shingo mara moja tu ningeona. Nilikuwa najionyesha."

"Niliona," Bibi alisema.

"Kuna njia. Kilichofutwa hakiondoki mara moja, naweza kukichimbua. Lakini vitatoka vipande vingi vya kila mtu, bila majina, na mwenye kujua kuchimbua ni mimi. Nitalazimika kuvifungua nivisikilize nijue kipi ni kipi." Alisema yote hayo akiangalia chini. "Ukiniruhusu, nitafanya, na faini yoyote nitalipa."

 Mimi, Mungu anisamehe, niliomba moyoni aseme ndiyo.

"Ukiusikia wewe," Bibi alisema, "utakaotoka humo hautakuwa wimbo wetu tena. Acha."

Lizineti alianza kusema kwamba wangesogeza siku. Bibi akamkata. Wari wako ndani tangu Jumatatu, mama zao wamesaga unga, siku haisogezwi. Lori la viazi likapiga honi. Nikasema tumpandishe Bibi baiskeli, tumrudishe nyumbani akaimbe huko kwa faragha, dereva tutambembeleza.

"NaMwale, sikiliza kifua changu," alisema, akaushika mkono wangu akauweka pale. Niliusikia mkwaruzo kwenye kiganja. "Nina pumzi ya wimbo mmoja. Mkinirusha tena kwenye ile baiskeli mpaka kwangu ng'ambo ya mto, sitafika nayo. Nitauimba hapa."

"Hapa sokoni? Wanaume wamejaa, Bibi."

 Bibi alikuwa anamtazama Fostino, na Fostino alikuwa ameshasimama.

"Nipe waya wangu," akaniambia.

Niliutoa chini ya kitambaa, una mafuta. Akauchomeka, akachukua kipaza sauti anachotangazia nyimbo mpya, na sauti yake ikatoka kwenye zile spika nilizozichukia miaka sita.

"Wanaume wa Kamgunda. Bibi Sinoliya ana kazi ya wanawake hapa, na kazi hiyo ina sauti. Naomba kila mwenye ndevu na kila anayezisubiri ashuke uwanja wa mpira sasa hivi. Kinu kizimwe. Lori lizimwe. Atakayebaki, mimi sitagombana naye, ila simu yake isije mezani kwangu mpaka Krismasi."

Watu walicheka kidogo, kisha wakaona hacheki. Wa kwanza kuinuka alikuwa fundi cherehani. Yule wa kinu alizima mashine, na nilishtuka, maana sikuwahi kuisikia Kamgunda mchana bila kinu. Dereva wa lori alisema yeye si mtu wa huku na viazi vyake havijui unyago. Fostino alimwendea, wakasemezana, sikusikia nini. Nilichoona ni dereva akichomoa funguo na kushuka, akinung'unika.

Gilamu alikuwa bado amesimama na kisu chake. "Na nyama yangu?"

"Niachie mimi, shemeji," nikasema.

"Utakula maini."

"Nitakula."

Alinitazama, akamtazama Bibi aliyekuwa anapumua kwa mdomo juu ya kreti langu. Akafuta kisu kwenye aproni yake, akakilaza mezani. "Maini yako kwenye ndoo ya chini," alisema, akashuka na wenzake. Fostino alikuwa wa mwisho. Alizima spika, akaung'oa waya mwenyewe safari hii, akauvingirisha akaondoka nao mfukoni.

Kwa muda wa wimbo mmoja soko la Kamgunda halikuwa na mwanaume hata mmoja. Tulisimama kumzunguka Bibi, tumenyoosha vitenge, muuza nyanya na mwalimu wa shule na mke wa katekista, bega kwa bega. Lizineti aliishika simu karibu na mdomo wa Bibi. Alianza, akafika katikati, kikohozi kikamkata. Alikohoa mpaka macho yakamtoka. Lizineti akasema, "Mama, basi." Bibi aliinua kidole kimoja tu, akangoja, akangoja tena, kisha akaanza upya tangu mwanzo, akaenda nao mpaka mwisho bila kupumzika, sauti nyembamba lakini imenyooka.

Maneno yake siyasemi. Nitasema langu: nilidhani nimeyasahau yote, na nilipotanabahi nilikuwa nimepiga magoti, kitenge changu nimejifunika kichwani, nalia kama yule mtoto wa miaka kumi na minne. Wenzangu wote walikuwa chini vilevile. Hakuna aliyekuwa ameshikilia pazia tena, na wala halikuhitajika.

Lizineti alivaa hedifoni, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Umo. Bibi alisema anataka togwa. Muuza nyanya akakimbia kuleta.

Mimi ndiye niliyetumwa uwanjani. Njiani nilijiandaa kwa maneno ya Gilamu, maana nilijua atakuwa na swali la kuniudhi, na nilikuwa na jibu lake tayari. Nilipotokea juu ya kingo ya uwanja nikasimama. Walikuwa wameketi kwenye nyasi kavu, wanaume hamsini au zaidi, wazee na wavulana, dereva wa viazi akiwemo. Kutoka pale huwezi kusikia hata kengele ya kanisa upepo ukiwa mbaya. Hakuna aliyewaambia wakae vipi. Na wote walikuwa wameketi wametupa mgongo, nyuso zao kwenye milima, na hakuna aliyekuwa akizungumza.

Nilikohoa. Hakuna aliyegeuka. Nikasema, "Tayari," na hata hapo waligeuka mmoja mmoja, kwa uangalifu, kama watu wasioamini kwamba wameruhusiwa.

Gilamu alipita karibu yangu akiwa kimya. Fostino alibaki nyuma akijipangusa nyasi, kisha akanisogelea. Nilidhani ataniuliza kuhusu faini, au Bibi amesema nini juu yake.

"Umeingia?" aliuliza.

"Umeingia."

Alifunika uso wake kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo. Nami nikasimama naye pale mpaka alipokuwa tayari kupanda.